Msamaha wa matibabu kwa asiye na uwezo

SWALI: Ndugu Mhariri, shangazi yangu ana miaka 57, ni mjane na hana kipato. Zahanati moja ilimwambia kwamba matibabu ya bure ni ya wazee waliofikisha miaka 60 tu. Je, halmashauri haina njia nyingine ya kumsaidia?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, aliyemjibu shangazi alichanganya mambo mawili. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Lakini upo pia msamaha wa mtu yeyote ambaye umaskini wake umethibitishwa, hata kama umri wake haujafika huko. Uthibitisho huo huanzia nyumbani: serikali ya kijiji au mtaa inayomfahamu humwandikia barua, mtendaji huigonga muhuri, kisha afisa ustawi wa jamii humhoji kabla ya kuidhinisha. Ni vyema barua hiyo ishughulikiwe akiwa bado mzima, maana kuitafuta huku mgonjwa amelala benchi la mapokezi ni adha tupu.

Aidha, ulizeni kuhusu Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, yaani bima ya afya ya kaya, ambao kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na baadhi ya halmashauri zimekuwa zikizilipia kaya maskini kadi za mfuko huo.