Jibu kwa kaka anayemwandaa mdogo wake kuja kusoma Nairobi

Ndugu yangu, umeuliza ni masharti gani umpe mdogo wako wa kike anayekuja kusoma Nairobi mwezi ujao ili awe salama, na tayari umetaja matatu: asivae nguo fupi wala za kubana, asiwe njiani baada ya saa moja usiku, na asijibizane na makanga. Umeuliza pia kama wanaharakati hawatii chumvi wanaposema jiji hili ni hatari kwa wanawake, ilhali sheria zipo. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nimefanya kazi ya ukondakta katika njia za Eastlands, mashariki mwa jiji, kisha nikahamishiwa ofisi ya chama chetu cha matatu, yaani magari ya abiria, kwenye meza inayopokea malalamiko ya abiria.

Nianze na nguo. Wanawake waliofika kwenye meza ile walikuwa wa kila aina: akina mama wa Muthurwa waliojifunga leso kiunoni na kubeba magunia ya mboga, wauguzi waliotoka zamu ya usiku, wasichana waliovaa sare ya shule, wanawake wa Eastleigh waliojisitiri kwa buibui hadi miguuni. Aliyeshikwa mwili wakati wa kupanda gari alishikwa kwa kuwa mlangoni palikuwa na msongamano, mikono yake ilikuwa imejaa mizigo, na aliyemshika alijua kwamba hakuna atakayemwuliza neno. Hilo la mwisho ndilo ninalokuomba ulizingatie. Usalama wa mwanamke katika jiji hili unategemea sana swali moja: wanaume waliopo pale jambo linapotokea watamgeukia nani, yeye au aliyemgusa?

Mnamo Novemba 2014 ilisambaa video ya mwanamke akivuliwa nguo na kundi la wanaume katika steji moja, yaani kituo cha matatu, katikati ya jiji, nao wakidai kuwa amevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo wanawake wengi, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana jijini wakisema kwamba mavazi yao ni uamuzi wao. Kabla ya mwaka kwisha, kifungu cha 251A kiliongezwa katika Kanuni ya Adhabu, na tangu hapo kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani wanaume watatu waliomvua nguo, kumdhulumu na kumwibia abiria ndani ya matatu huko Githurai, tukio ambalo nalo lilitokea 2014. Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, imekuwapo tangu 2006. Kwa hiyo ni kweli kwamba sheria zipo, na mimi si mmoja wa wanaozidharau. Lakini ukiitazama video ile kwa jicho la mtu aliyefanya kazi steji, unaona pia wale waliosimama kando, na unakumbuka kwamba kuna aliyeshika simu akarekodi. Hao hawakushtakiwa kwa lolote. Waliamka siku iliyofuata wakaenda kazini, na ndio wanaume ambao mdogo wako atapanda nao gari.

Katika chama chetu tulianza kwa mafundisho. Waliletwa wawezeshaji wazuri waliozungumza juu ya heshima na haki, vijana wakasikiliza, wakala chakula cha mchana, wakarudi steji na lugha yao ileile. Mambo yalianza kugeuka pale kamati ilipopitisha kanuni kwamba dereva au kondakta akilalamikiwa kwa kumgusa au kumtukana abiria, gari lake halitapewa nafasi ya kupakia siku hiyo hadi pande zote mbili zisikilizwe. Mwenye gari akapoteza mapato ya siku, na kuanzia hapo wenye magari wenyewe wakawa wanauliza tabia ya mtu kabla ya kumkabidhi funguo. Tuliongeza kwamba mfanyakazi aliyeona akanyamaza ataondoka kwenye gari pamoja na mwenzake. Wapiga debe hawakuwa na mwajiri, kwa hiyo mwenyekiti wa steji ndiye aliyebebeshwa jukumu lao, na aliyekaidi alinyimwa ile fedha ndogo anayolipwa kwa kujaza gari.

Upinzani ulikuwa mkali. Wengi walisema wanawake wataitumia kanuni hiyo kulipiza kisasi kila wanapogombana juu ya chenji. Nilikaa kwenye meza ile muda wa kutosha kusema kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi: malalamiko ya uongo yalikuwa nadra sana, na wengi wa waliokuja hawakutaka mtu afungwe wala afukuzwe kazi. Walitaka aambiwe mbele yao kwamba alilofanya ni kosa, na kesho yake waweze kupanda gari la kwenda kazini bila kutetemeka. Kadiri miezi ilivyopita, wale waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi walianza kukemea kwa sauti, na baadaye wakawa wanakemea hata pale ambapo hakuna mtu wa ofisi karibu. Ndiyo maana siamini kwamba ni lazima tusubiri mioyo ya wanaume ibadilike ndipo mwenendo ubadilike. Mimi niliona mwenendo ukitangulia, na moyo ukaufuata nyuma, tena kwa wengine haukufuata kabisa, lakini abiria walifika salama.

Kuna hoja moja niliyoiacha kabisa, ile ya kumwambia kijana, "Fikiria huyu ni dada yako." Inagusa hisia haraka, na inatumiwa na watu wema, ila ina tatizo kubwa. Kijana aliyeshawishika nayo huanza kuuliza mwanamke huyu ni wa nani, na yule asiye na kaka, mume wala baba anayejulikana pale steji anabaki bila mtetezi. Nimemwona kondakta akimwomba msamaha mume aliyefika ofisini kulalamika, akampa mkono na kumwita mzee, ilhali mwanamke aliyetukanwa alikuwa amesimama papo hapo na hakutazamwa hata usoni. Hapo ndipo mzizi wa mfumo dume ulipo: mwanamke anaheshimiwa kama mali ya mwanamume mwingine. Tulimrudisha kondakta yule aombe radhi upya, safari hii kwa aliyemkosea.

Nikupe mfano wa upande mwingine. Jioni moja katika Barabara ya Jogoo, dereva mmoja wa makamo aliona kwenye kioo jinsi abiria wa kiume alivyokuwa akimsonga msichana aliyekaa dirishani, naye msichana akizidi kujikunyata. Aliwasha taa zote za ndani, akaegesha gari, akamwambia yule mwanamume arudishiwe nauli na ashuke. Abiria wengine waligutuka na kulalamika kwamba wanacheleweshwa. Dereva akajibu kwamba gari halitaondoka, akakaa kimya, na wale wale waliokuwa wakilalamika ndio waliomhimiza yule bwana ashuke. Hakuna aliyemwuliza msichana alivaa nini wala alitoka wapi saa hizo. Natamani mdogo wako akutane na madereva wa aina hiyo, na wapo, wengi kuliko watu wanavyodhani.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haiko barabarani, na hapa masharti yako yote matatu hayana msaada. Utafiti wa kitaifa wa Hali ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na kwa walioolewa, anayetajwa zaidi ni mume. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na bado baadaye mwaka huo huo polisi walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Septemba hiyo mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Januari 2025 Rais aliteua jopo la watu 42, likiongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, ili lichunguze janga hili. Hao wanaharakati unaowatilia shaka hawakutia chumvi.

Katika ploti zetu, nyumba za kupanga za mitaa ya Umoja na Kayole, ukuta ni mwembamba na kila mtu anasikia. Nimeishi katika jengo ambalo kilio kikianza majirani huongeza sauti ya redio, kwa kuwa ugomvi wa mume na mke huhesabiwa kuwa siri ya nyumba. Wanawake wa orofa yetu tulikubaliana kuivunja desturi hiyo kwa njia nyepesi: yeyote aliyesikia alikwenda kubisha mlango, si peke yake, na kuomba kiberiti au kuulizia maji. Mara nyingi ilitosha kumfanya mtu atulie kwa usiku huo. Mabadiliko ya kudumu yalianza wanaume wawili wa orofa hiyo walipokubali kuja nasi mlangoni, maana mume aliyekuwa akitufokea sisi hakuwa na la kuwaambia wao. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamruhusu mwathiriwa kuomba amri ya mahakama ya kumzuia mnyanyasaji asimkaribie, na inasikitisha kwamba watu wengi mno ninaokutana nao hawajawahi kuisikia. Nayo Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 43, imewaweka kando watu waliofunga ndoa halali linapokuja suala la ubakaji, pengo ambalo naona aibu kwamba bado halijazibwa.

Kuna msomaji aliyeandika chini ya swali lako kwamba haya yote ya kutetea wanawake ni mila za kigeni. Naomba akumbuke kwamba mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la orofa 60 kujengwa ndani ya Uhuru Park, alidhihakiwa hadharani kama mwanamke asiyejua mahali pake, na bustani ile ipo hadi leo kwa sababu hakunyamaza. Mwaka 1992 akina mama wazee, wazazi wa wafungwa wa kisiasa, walipopigwa na polisi katika bustani iyo hiyo, walivua nguo zao kuwalaani askari. Hao hawakufundishwa ujasiri na mgeni. Barabara ya Forest imepewa jina la Profesa Maathai, na ni katika barabara hiyo hiyo, Machi 2022, ambapo kundi la waendeshaji bodaboda lilimvamia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari lake.

Sasa, nini umwambie mdogo wako? Mwambie kwamba akikupigia simu saa nne usiku hutamwuliza kwa nini yuko nje, utamwuliza yuko wapi na utamtumia nauli. Wasichana wengi huficha yaliyowapata kwa kuogopa kuulizwa na ndugu zao masharti waliyoyavunja, na muda unaopotea hapo una gharama. Aliyebakwa anatakiwa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zifanye kazi, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge wala asifue nguo alizovaa. Anatibiwa hata kama hajapita polisi kwanza. Kisha aandikishe taarifa kituoni, kwenye dawati la jinsia, achukue nambari ya taarifa yake na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, nayo haiuzwi. Nambari ya simu 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupokelewa bila malipo, na aiweke kwenye simu yake leo.

Kuhusu kusafiri kwa matatu, mambo ni rahisi zaidi. Apande gari lenye jina la chama lililoandikwa ubavuni, akumbuke nambari ya usajili na saa, na akisumbuliwa apeleke malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya chama hicho na adai kujibiwa kwa maandishi. Kuhusu makanga, ajibizane nao akiona inafaa.

Masharti mengine nakuomba uyapeleke kwa vijana unaokaa nao jioni huko nyumbani, wanaopigia miluzi wasichana wanaopita, kwa kuwa baadhi yao watakuja Nairobi kutafuta kazi kwenye magari yetu. Kama utaniandikia chuo chake kiko upande gani wa jiji, nitakueleza ni steji zipi za njia hiyo zina ofisi inayobaki wazi hadi usiku.