Mguu wa Kushoto Haunishiki Tena: Taichi Baada ya Kujifungua

SWALI: Shikamoo mshauri. Nilijifunza taichi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, na kabla ya ujauzito nilikuwa nikifanya mfuatano wa miondoko 24 wa mtindo wa Yang alfajiri, kwenye mchanga wa ufukweni, bila kuyumba. Nilijifungua kwa njia ya kawaida miezi minne iliyopita. Sasa kila nifikapo pa kusimama kwa mguu mmoja nayumba, hasa kwa mguu wa kushoto. Mama mkwe ananishauri nizidi kukaza mkaja na niache mazoezi mpaka mtoto aache kunyonya, kwa kuwa yatakausha maziwa. Je, mizani ya mwili wangu itarudi, na nianzie wapi?
Mama Mlezi, Katonga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujaliwa mtoto. Mizani hurudi, ila hairudi kwa kuulazimisha mguu urudie kila alfajiri lile linaloushinda.

Wakati wa ujauzito uzito wa tumbo ulikuwa ukikuvuta mbele, nawe bila kujijua ukazoea kusimama kwa kuuegemeza mgongo nyuma. Mtoto alipozaliwa mzigo uliondoka kwa siku moja, lakini mazoea ya kusimama yakabaki, mithili ya mtumbwi ulioshusha shehena huku wapiga makasia wakiendelea kukaa upande ule ule. Zaidi ya hayo, mishipa inayofunga viungo, ambayo mwili huilegeza kwa homoni kama relaksini ili nyonga ziweze kupanuka, huchukua miezi kadhaa kurudi katika hali yake, na usingizi wa mama anayenyonyesha usiku ni wa vipande vipande. Mchanga uache kwa sasa, maana unabonyea chini ya kifundo ambacho chenyewe bado kimelegea. Fanyia mazoezi kwenye sakafu au ua uliokanyagwa ukawa mgumu.

Kuhusu mguu wa kushoto, kuna jambo ambalo hukulitaja: mtoto unampakata upande gani? Wengi wanaotumia mkono wa kulia humweka kwenye nyonga ya kushoto ili mkono wa kazi ubaki huru. Simama kwa mguu huo, mtu akutazame kwa nyuma. Iwapo nyonga inachomoza kando, upande wa pili wa kiuno unashuka, na vidole vya mguu vinajikunja kung'ang'ania sakafu, basi tatizo liko kwenye misuli ya kando ya nyonga kuliko kwenye taichi yako. Badilisha pande za kumpakata, au mbebe mgongoni kwa kanga.

Kabla ya mazoezi yoyote, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha papasa kwa vidole katikati ya tumbo, juu na chini ya kitovu. Ukikuta mwanya unaozidi upana wa vidole viwili, au tumbo linatuna kama tuta, muone mtaalamu wa fiziotherapia. Fika kliniki pia ikiwa mkojo unakutoka unapokohoa, unahisi uzito ukeni, au unapata kizunguzungu, kwa kuwa upungufu wa damu baada ya uzazi nao humyumbisha mtu. (Msomaji aliyejifungua kwa upasuaji asianze mpaka daktari aridhike na kidonda.)

Usipoona dalili hizo, anza kwa kusimama tu, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, pumzi ikishuka mpaka chini ya kitovu. Unapotoa pumzi, vuta misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoikaza kuzuia mkojo, juu polepole, kisha iachie kabisa. Halafu fanya mikono ya mawingu, ule mwondoko wa kwenda kando huku mikono ikipita mbele ya mwili, na hapa usiwe na haraka hata kidogo: hamisha uzito wote kwenye mguu mmoja kwanza, hakikisha mwingine umekuwa mtupu kiasi cha kuweza kuunyanyua, ndipo uusogeze. Wengi husogeza mguu ukiwa bado umebeba uzito, na wakiwa na nguvu kosa hilo halionekani. Mahali pa mateke na pa kusimama kwa mguu mmoja, acha ncha ya vidole iguse sakafu. Ukiweza kukaa hivyo kwa pumzi chache bila kiuno kushuka, nyanyua mguu kidogo tu. Mwondoko wa kushuka chini kabisa uwe wa mwisho kuurudia, kwa kuwa unavuta nyonga kuliko yote.

Mkaja una faida yake, kwani huupa mgongo egemeo, na mama mkwe hakukosea kukufunga. Ila ukikazwa mno husukuma mzigo kwenye sakafu ya nyonga, nao hauwezi kufanya kazi ya misuli. Ufungue wakati wa mazoezi ili pumzi ipate pa kushukia.

Kuhusu maziwa, mtoe hofu kwa heshima: mazoezi ya kiasi hayayakaushi. Mnyonyeshe mtoto kwanza ili matiti yasikuelemee, kisha unywe maji na uanze.