Maswali ya Wasomaji: Swichi ya nne imefuta VLAN zetu

SWALI: Chuo chetu kina swichi nne (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) za Cisco Catalyst 9300 katika raki moja. Tatu nilikwisha kuziunganisha kwa kebo za nyuma, nikawa nazisimamia kwa anwani moja ya IP. Nilipochomeka ya nne, ikiwa imewashwa, mtandao wote ulikatika na VLAN zetu, yaani mitandao midogo tuliyoitenganisha ndani ya swichi hizo, zikatoweka. Kosa liko wapi?
Msimamizi wa mtandao, Morogoro

JIBU: Kosa ni kuichomeka ikiwa imewashwa. Katika muungano wa namna hii, ambao mafundi huuita staki, swichi moja huwa kiongozi, na mipangilio yake ndiyo inayofuatwa na nyingine zote. Swichi yako ya nne, kwa kuwa ilikuwa ikijitegemea, nayo ilikuwa kiongozi. Viongozi wawili walipokutana, swichi zilijiwasha upya zikafanya uchaguzi, na kwa dalili unazozieleza, mgeni ndiye aliyeshinda.

Uchaguzi huo hutazama namba ya kipaumbele, kuanzia 1 hadi 15, na yenye namba kubwa hushinda. Zote hutoka kiwandani zikiwa na 1, hivyo usipozitofautisha, uamuzi unaweza kuishia kwenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) iliyo ndogo, jambo lisilohusiana kabisa na ipi inafaa kuongoza. Kwanza zima ile ya nne na uchomoe kebo zake. Rejesha mipangilio kutoka kwenye nakala uliyohifadhi, kisha ipe swichi ya kwanza kipaumbele cha juu kwa amri «switch 1 priority 15», na ya pili uipe 14. Ile ya nne ikiwa bado imezimwa, funga kebo zake, ndipo uiwashe. Itapokea mipangilio ya kiongozi bila kuzivuruga nyingine. Amri «show switch» itakuonyesha ipi ni kiongozi, ipi ni msaidizi wake, na kama zote zimefikia hali ya «Ready». Toleo la programu na kiwango cha leseni viwe sawa kwa zote. Swichi ya Catalyst 9200 haiingii katika staki ya 9300 hata kidogo.

Hakikisha pia kwamba kebo kutoka swichi ya mwisho inarudi hadi ya kwanza, maana wengi huiacha kwa kuwa taa zinawaka hata bila hiyo. Duara likiwa limefungwa, kebo moja ikikatika staki huendelea kufanya kazi kwa nusu ya uwezo wake wa Gbps 480 (gigabiti kwa sekunde). Lisipofungwa, kukatika kwa kebo hiyo hiyo huigawa staki vipande viwili. Kebo hizi hazizidi mita 3, kwa hiyo ghorofa nyingine iunganishe kwa faiba, kebo mbili zikitoka katika swichi mbili tofauti za staki na kufungwa pamoja kwa LACP, utaratibu unaozifanya zitumike kama kiungo kimoja.

Wauzaji hawapendi kulisema hili: kusasisha programu kwa kawaida huwasha upya staki nzima kwa pamoja. Panga kazi hiyo usiku, na seva zisizovumilia kukatika ziunganishe pia na swichi iliyo nje ya staki.