Kulenga shabaha macho yanapozeeka

Shikamoo mzee. Umeeleza kwamba una miaka 61, kwamba umeshiriki kwa muda mrefu mchezo wa bastola ya hewa wa mita 10, na kwamba kilengeo cha mbele, yaani kijino kilicho kwenye ncha ya mtutu, sasa unakiona kwa ukungu, ukauliza kama uache. Naona ni mapema mno. Mlenga shabaha Oscar Swahn wa Sweden alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1920 akiwa na miaka 72.

Kwanza muone daktari wa macho, kwani ukungu unaweza kutokana na mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji, na ukiona mistari iliyonyooka ikipinda usikawie hata kidogo. Iwapo ni uzee tu, lensi ya jicho imekuwa ngumu na haiwezi tena kujirekebisha kutazama karibu. Miwani ya kusomea haifai hapa, kwa sababu imekusudiwa umbali wa kitabu, ilhali kilengeo kiko mbali zaidi, mwisho wa mkono ulionyooshwa. Mara nyingi kinachosaidia ni lensi ya kuonea mbali iliyoongezwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lensi) +0.50 hadi +0.75, ili kijino cha mbele kikae wazi kabisa na duara jeusi la shabaha libaki na ukungu kidogo, jambo ambalo hata vijana hufundishwa kulikubali. Kitundu chembamba mbele ya lensi huongeza uwazi, ila kinahitaji mwanga wa kutosha.

Mwombe mwenzako apime kwa utepe umbali kutoka jichoni hadi kwenye kilengeo hicho, kisha umpelekee mtengeneza miwani kipimo hicho.