Ukitaka kuhama sokoni, anza na majina ya wateja wako

Juma lililopita mchoraji mmoja anayenisoma aliniandikia kuwa makato ya soko la mtandaoni yamemchosha, akauliza kama sasa auze kazi zake mwenyewe. Nilimjibu kwa neno moja: hama. Jibu refu nalitoa hapa, maana najua wengi wenu mnawaza hilohilo.

Makato ndiyo yanayouma kwanza. Mimi niliuza kwenye soko jingine ambalo sitalitaja, lakini chukua mfano wa Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono na sanaa, ambalo viwango vyake viko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2018 kamisheni yao ilipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 5, na Aprili 2022 ikafika 6.5. Maelfu ya wauzaji walisimamisha maduka yao juma zima kupinga. Kamisheni hiyo inakatwa mpaka kwenye gharama ya usafirishaji unayomtoza mteja. Kuna pia senti 20 za Marekani za kuorodhesha kila kazi kwa miezi minne, kuna ada ya kupokea malipo, na mteja akiletwa na tangazo waliloliweka nje ya soko, duka dogo linakatwa asilimia 15 nyingine. Hapo kazi ya dola 100 inakuachia kama 75, na bado hujalipia karatasi, wino wala bomba la kufungia mchoro.

Hata hivyo, mimi sikutolewa na makato. Nilitolewa na mama mmoja kwenye maonyesho. Alisimama mbele ya mchoro wangu akasema unafanana sana na ile aliyoitundika sebuleni kwake. Nikamwuliza hiyo ya nyumbani ni ya nani. Akanitajia jina la soko. Ilikuwa michoro yangu, kila mmoja una saini yangu ya penseli pembeni, na jina langu hakulijua. Wala mimi sikumjua yeye, kwa kuwa masharti yalinikataza kumwandikia mteja kwa jambo lolote lisilohusu oda yake. Bado linaniuma. Nilikuwa nakesha nikichora, na jina lililokuwa likikua si langu.

Tangu siku ile kila kifurushi changu kilitoka na kadi yenye jina langu, anwani ya tovuti, na sentensi moja ya mkono kuhusu mchoro uliomo. (Soma masharti ya soko lako kwanza. Mengine hayaruhusu kadi ya kumvuta mteja nje, na duka linaweza kufungwa kwa sababu hiyo.) Kwenye tovuti niliweka nafasi ya mtu kuacha barua pepe yake kwa hiari, na kila mwezi nikawaandikia walioiacha: ninachora nini, kwa nini nimebadili karatasi, mchoro upi umenishinda na nimeuweka kando. Miezi ya mwanzo ilikuwa kimya, na hakuna la kusimulia. Kisha nikatoa toleo dogo la nakala chache za mchoro, kila moja na namba yake, nikalitangaza kwa walio kwenye orodha hiyo tu. Likaisha kabla sijaweka hata picha moja kwenye mitandao ya kijamii. Najivunia siku hiyo kuliko nyota zote nilizowahi kupewa sokoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kusanya majina. Usiniambie una wafuasi wengi Instagram. Hao ni wa Instagram, na siku mfumo ukibadilika hutawafikia. Anwani za barua pepe unaweza kuzipakua na kuondoka nazo. Jina la tovuti lilipie wewe, liandikishwe kwako, si kwa kijana aliyekutengenezea. Na duka lako la sokoni usilifunge kwa mpigo: acha kazi ndogo kule zikutafutie wageni, kazi kubwa na matoleo yenye namba yawe kwako tu.

Usishushe bei kwa sababu umeokoa kamisheni! Naona wasanii wengi wakifanya hivyo na inanisikitisha. Fedha hiyo sasa ndiyo mshahara wa kazi zote ambazo soko lilikuwa likikufanyia: kutafuta wateja, kujibu maswali, kupokea malipo, kusimamia migogoro.

Hilo la migogoro lichukulie kwa uzito. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake imrudishie fedha akidai mzigo haukufika au umefika umeharibika, na wewe ndiye utakayetakiwa kuleta ushahidi. Piga picha ya mchoro na kifurushi kabla hujakifunga, tumia usafirishaji wenye namba ya kufuatilia, kazi ya bei kubwa ikatie bima, na risiti zihifadhi mahali utakapozipata hata baada ya miezi kadhaa.