Pua imevutika juu baada ya upasuaji: nifanyiwe tena sasa au ningoje?

SWALI: Daktari, miaka mitatu iliyopita, nikiwa masomoni Seoul, Korea Kusini, nilifanyiwa upasuaji wa kuinua mwamba wa pua kwa kipande cha silikoni. Miezi minane baadaye pua ilivimba, ikawa ya moto na yenye kuuma nikiigusa. Nilipewa dawa za kuua bakteria, uvimbe ukatulia, nami nikadhani yamekwisha. Tangu hapo ncha ya pua imekuwa ikipanda kidogo kidogo, hata sasa anayesimama mbele yangu huona matundu yote mawili. Ngozi imekakamaa, na upande wa kushoto napumua kwa shida. Daktari mmoja anataka silikoni itolewe kwanza, kisha nikae karibu mwaka mzima kabla ya kujengwa upya. Mwingine yuko tayari kufanya yote siku moja. Mama yangu anasema niiache ilivyo. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, pole kwa muda wote huu uliobeba jambo hili peke yako. Barua yako ina maamuzi mawili yaliyofungwa pamoja, nami naona utapumua ukiyatenganisha: la kwanza ni kuitoa silikoni, ambalo ni la afya yako, la pili ni kuijenga pua upya, ambalo ni la hiari yako na halina haraka.

Kitu chochote kigeni kikiwekwa mwilini, mwili hukizungushia utando mwembamba wa kovu, na kwa watu wengi utando huo hutulia bila kuleta madhara. Bakteria wakiingia, hata wakiwa wachache, hujibanza juu ya silikoni na kujijengea ute unaowakinga dhidi ya dawa, kwa hiyo uvimbe unaweza kutulia huku chanzo chake kikibaki palepale. Kovu huendelea kunenepa, na ndani yake mna seli zinazojikunja kama msuli, ambazo huvuta ngozi, gegedu (ule mfupa laini unaoipa pua umbo) na utando wa ndani wa pua kuelekea juu. Uliyoyaeleza yanafanana mno na hali hiyo, ingawa ni daktari atakayeishika pua yako ndiye atakayethibitisha.

Ndiyo maana siwezi kuungana na mama, ingawa naielewa hofu yake ya kukuona ukipasuliwa tena. Kama pua ingekuwa imetulia na hewa inapita, ushauri wake ungekuwa wa busara. Lakini pua inayoendelea kufupika huku silikoni ikiwa ndani huzidi kupoteza ngozi ya kufanyia kazi.

Kati ya madaktari wawili, naegemea kwa yule wa kwanza. Wa pili hajakudanganya: wapo wapasuaji, hasa Seoul ambako pua za namna hii huonekana mara nyingi, wanaojenga siku hiyo hiyo pasipokuwa na dalili ya maambukizi, wakihofia kwamba kungoja kutaiacha ngozi ijikunje zaidi. Wewe, hata hivyo, ulishapata uvimbe wa moto, na kujenga juu ya mahali ambapo huenda bakteria wamejificha ni kuhatarisha gegedu litakalotumika kuijengea pua, ambalo mwili wako hauna jingi la akiba. Kwa kawaida hungojwa miezi 6 hadi 12 baada ya kutoa, lakini kipimo hasa ni ngozi yenyewe: daktari akiishika ncha na kuivuta chini kwa upole, inapaswa kusogea.

Kujenga pua iliyofupika huhitaji gegedu imara, na la sikio mara nyingi halitoshi, kwa hiyo wengi hutumia la ubavu. Ujue gharama yake: kovu kifuani, maumivu ya siku kadhaa unapovuta pumzi, uwezekano mdogo wa kutoboka utando wa mapafu, na gegedu kupinda baadaye. Jambo moja watu wetu hawaulizwi vya kutosha ni makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Kama wewe au ndugu zako mmewahi kuyapata, hata baada ya kutoga masikio, mwambie daktari kabla hajapanga lolote. Sigara na shisha ziachwe majuma kadhaa kabla na baada, kwa kuwa hubana mishipa midogo inayolisha ngozi ya ncha. Tafadhali usikubali sindano za kujaza pua wakati unangoja: kwenye pua iliyokwisha kupasuliwa zinaweza kuziba mshipa, ngozi ikafa, na imewahi kutokea mtu kupofuka.

Tarajia pua inayopumua vizuri na iliyoshuka kiasi. Ile uliyokuwa nayo kabla ya Seoul hairudi kamili. Wapo wanaotoa silikoni, wakaona imewatosha, wakaishia hapo, na wamefanya uamuzi halali kabisa.

Iombe hospitali iliyokupasua ikupe taarifa ya upasuaji, inayoonyesha aina ya kipande kilichowekwa na kama gegedu la ukuta wa kati wa pua lilichukuliwa, kisha uipeleke kwa bingwa wa masikio, pua na koo, au wa upasuaji rekebishi, aliyewahi kurekebisha pua zilizovutika. Pua ikirudi kuwa ya moto, ikitoa usaha, au ngozi ya ncha ikiwa nyembamba na kung'aa, usingoje siku ya miadi, nenda siku hiyo hiyo. Na usisubiri kuona wekundu, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi hujificha.