Jumapili huanzia Ijumaa: maswali yenu kuhusu Assen na mbio za pikipiki

Mbio za Assen, Uholanzi, za Juni 2025 zililetea safu hii maswali mengi kuliko mbio nyingine yoyote ya msimu ule, na mengi niliyaacha yakashika vumbi. Leo nalipa deni. Maswali nimeyafupisha, matusi nimeyatoa.

"Nilikwenda kibanda umiza Jumapili kumwona Márquez. Jamaa mmoja akaniambia kashinda jana. Sasa hiyo ya Jumapili ilikuwa nini? Na hizi mbio huku kwetu huwa saa ngapi?"
Msomaji, Tanga

Wote wawili mlikuwa sahihi. Tangu 2023 kila wikendi ya MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, ina mbio mbili. Jumamosi kuna mbio fupi, nusu ya urefu wa kawaida, ambapo mshindi huchukua pointi 12 na wa tisa ndiye wa mwisho kupata kitu. Jumapili ndiyo mbio yenyewe: pointi 25 kwa wa kwanza, na hesabu inashuka mpaka wa kumi na tano. Pale Assen ilikuwa mizunguko 13 Jumamosi na 26 Jumapili, na Marc Márquez alibeba zote mbili.

Saa ni rahisi kukumbuka. Mbio zikiwa Ulaya wakati wa kiangazi, hesabu saa kumi alasiri Jumamosi na saa tisa Jumapili. Ukiwa na nafasi, fika saa sita mchana uanze na vijana wa Moto3, daraja la pikipiki ndogo; hao wanapitana kama daladala zinazogombea abiria. Bahati nzuri Juni ligi ya Uingereza huwa imelala, kwa hiyo mwenye kibanda hana kisingizio cha kukunyima runinga.

Lakini ndugu yangu, kosa lako halikuwa kukosa Jumamosi. Ulikosa Ijumaa. Ijumaa mchana kuna kipindi cha saa moja kinachoitwa mazoezi, na jina hilo linadanganya watu. Kumi wenye muda bora wanaingia moja kwa moja kwenye mchujo wa mwisho wa Jumamosi asubuhi. Waliobaki wanatupwa kwenye mchujo wa kwanza, na humo wanaopenya ni wawili tu. Mpangilio wa kuanzia unaopatikana hapo ndio unaotumika kwenye mbio zote mbili. Ukikuta bendera ya njano, ishara ya hatari mbele, kwenye mzunguko wako mzuri Ijumaa jioni, muda unafutwa, na huenda ukaulipia Jumamosi na Jumapili pia. Ndiyo maana utamwona mtu mzima anapiga ngumi tangi la mafuta siku ambayo hakuna hata pointi moja ya kugombea.

Kuanza mbele nako si kushinda, nikiri. Assen aliyeanza wa kwanza alikuwa Fabio Quartararo na Yamaha yake, na hakupanda jukwaani siku yoyote kati ya hizo mbili. Muda wa mzunguko mmoja na kasi ya mizunguko ishirini na sita ni vitu viwili.

"Naendesha Boxer mwaka wa sita sasa. Hawa wanalazaje pikipiki mpaka kiwiko kinaburuta kwenye lami? Mimi nikilaza kidogo tu penye mchanga, niko chini."
Bodaboda, Morogoro

Kaka, nusu ya jibu umelitaja mwenyewe: mchanga. Wao lami yao inafagiliwa.

Nusu ya pili ni tairi. Siku ya jua wanatumia tairi kipara, lakini si kipara cha kuisha kashata kama kile ambacho trafiki angekusimamisha nacho. Linatoka kiwandani hivyo hivyo, halina kashata hata moja, ili mpira wote uguse lami. Kabla ya kuingia uwanjani linavikwa blanketi la umeme lipate moto, maana likiwa baridi halishiki. Tairi lako unataka likupeleke miezi. La kwao linaombwa kilomita 118 tu, urefu wa mbio ya Assen, kisha kazi yake imekwisha.

Kuhusu kiwiko: pikipiki inalala zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima. Mwendeshaji anauning'iniza mwili upande wa ndani wa kona, na kwa kufanya hivyo anaipunguzia pikipiki kazi ya kulala. Angebaki amekaa katikati kama wewe na abiria wako, ingebidi ailaze zaidi kupata mwendo ule ule. Goti na kiwiko vinagusa chini kwa sababu mwili umeshafika huko.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililoamua mengi Assen. Uwanja ule una kona 18: za kulia 12, za kushoto 6. Upande wa kushoto wa tairi unakaa muda mrefu bila kuguswa, unapoa, halafu ghafla unadaiwa kazi kwenye kona ya mbio kali. Ramshoek ni kona ya namna hiyo, ya kushoto, mwendo wa kutisha. Ijumaa Márquez aliangukia hapo. Jioni akaanguka tena, kwingine. Nilidhani wikendi yake imekwisha. Kumbe mtu alikuwa anatafuta ukuta uko wapi, na alipoupata akaendesha siku mbili zilizofuata akiwa hatua moja kabla yake.

Na ukumbuke kuwa chini yao kuna injini ya cc 1000 kwenye pikipiki ambayo uzito wake wa chini unaoruhusiwa ni kilo 157. Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello, Italia, mwaka 2023. Ndani ya suti kuna mfuko wa hewa unaojaa kabla bega halijagonga lami, na tangu 2018 ni lazima kuuvaa. Abiria wako wa Msamvu hana mfuko wa hewa. Endelea na mwendo wako.

"Nimesoma kwamba Assen ilimfanya Márquez awe sawa na Giacomo Agostini. Mimi Agostini nilimfuatilia magazetini nikiwa kijana. Sawa kivipi?"
Mzee, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Sawa kwa kitu kimoja tu: ushindi wa Jumapili ile ulikuwa wa 68 kwa Márquez katika daraja la juu, na Agostini naye anazo 68 katika cc 500, daraja la juu la enzi zake. Ukijumlisha na alizoshinda kwenye cc 350, Agostini anafika 122, na mataji yake ya dunia ni 15. Hapo hakuna aliyemfikia.

Vijana watakuambia Agostini alikuwa na MV Agusta iliyowaacha wenzake mbali, na ni kweli. Lakini wasichokuambia ni kwamba misimu ya wakati wake ilikuwa na mbio chache, aliendesha madaraja mawili, na viwanja vingine vilikuwa barabara za kawaida zenye miti na kuta za nyumba pembeni. Kubaki hai ilikuwa sehemu ya mchezo. Márquez yeye alivunjika mkono wa kulia Jerez, Hispania, mwaka 2020, akapasuliwa mara nne, akarudi, na Septemba 2025 akachukua taji la saba la MotoGP pale Motegi, Japani. Ukiongeza la cc 125 na la Moto2, madaraja ya chini, ni tisa. Ukinibana nichague, namchagua Agostini kwa wingi na Márquez kwa ugumu. Najua hilo ni jibu la mtu anayeogopa wazee.

"Assen wanaiita TT. Ndiyo ile ya Isle of Man? Na kwa nini wanaiita kanisa kuu?"
Msomaji, Kisumu

Siyo ile, dada. Jina ni moja, sehemu mbili. Isle of Man ilikuwa kwenye ubingwa wa dunia tangu 1949 hadi 1976, ikaondolewa kwa sababu ya hatari yake. Bado inafanyika, ila kivyake. Assen ilianza 1925 na iko kwenye ubingwa tangu msimu ule wa kwanza wa 1949. Imekosekana mwaka mmoja tu, 2020, kwa sababu ya korona. Uwanja mwingine wenye historia kama hiyo haupo, ndiyo maana ya kanisa kuu. Na kanisa hili lilikuwa likisali Jumamosi: mpaka 2015 mbio zake hazikufanyika Jumapili.

"Álex Márquez alivunjika mkono Assen. Wiki mbili baadaye namwona Ujerumani anaendesha. Hawa madaktari wao wanawapenda kweli?"
Muuguzi, Nakuru

Swali la mtu anayejua kazi yake. Álex aligongana na Pedro Acosta, akavunjika mfupa wa kiganja cha kushoto, akafanyiwa upasuaji, na Sachsenring, huko Ujerumani, akamaliza wa pili nyuma ya kaka yake Marc. Kisheria lazima daktari wa mashindano akupime na kukuruhusu. Kiutu, ruhusa hiyo inanipa shaka kama wewe.

Kisa ambacho watu hukisimulia kama ushujaa kilitokea Assen hiyo hiyo, 2013. Alhamisi Jorge Lorenzo alianguka kwenye mvua, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Usiku ule ule akapanda ndege hadi Barcelona, akawekewa bamba na skrubu, akarudi Uholanzi, na Jumamosi akaanza wa 12 na kumaliza wa tano. Nililia siku ile, sifichi. Wasimulizi wengi huishia hapo. Mbio iliyofuata, Ujerumani, akaanguka tena mazoezini, bamba likapinda, akaikosa mbio yenyewe. Mwisho wa msimu akalikosa taji kwa pointi 4, na aliyelichukua alikuwa Marc Márquez akiwa mgeni wa daraja hilo. Sasa niambie wewe muuguzi kama angebaki kitandani Barcelona ingekuwaje. Mimi nimehesabu mara nyingi, na kila nikihesabu napata jibu jingine.

"Mvua ikinyesha katikati wanasimamisha?"
Msomaji, Nairobi

Hapana, labda iwe hatari kupita kiasi. Inapepea bendera nyeupe, na kila mwenye kutaka anaingia gereji, anaruka juu ya pikipiki yake ya pili yenye tairi za mvua, anaondoka. Austria 2021 waliokuwa mbele waliingia kubadilisha zikiwa zimebaki dakika chache. Binder akabaki na vipara vyake kwenye maji, akitembea kama mtu anayevuka mfereji kwa ubao mmoja, na akashinda.

"Kwa nini hawaongei kwa redio kama wale wa magari?"
Msomaji, Mwanza

Kwa miaka mingi mwendeshaji amekuwa akisoma ubao unaonyooshwa pembeni ya ukuta, pamoja na ujumbe mfupi kwenye dashibodi. Ujumbe huo una utamu wake. Sepang, Malaysia, 2017 Lorenzo akiwa anaongoza aliandikiwa atumie "mapping 8", yaani mpangilio wa injini namba 8. Nyuma yake alikuwa mwenzake wa Ducati, Andrea Dovizioso, aliyehitaji ushindi ili matumaini ya taji yasife. Muda si mrefu Lorenzo akateleza kona ya mwisho, akatanuka, Dovizioso akapita. Kuteleza kweli au kutelezeshwa? Nimeshapoteza urafiki mmoja kwa swali hilo.

"Sisi Afrika tulikosa nini hata tusiletewe mbio?"
Msomaji, Lubumbashi

Tuliletewa. Welkom, Afrika Kusini, ilipokea mbio hizi kuanzia 1999 hadi 2004, na kabla yake Kyalami. Na mbio ya mwisho ya Welkom, 18 Aprili 2004, kwangu mimi ni kati ya mbio kubwa kuliko zote zilizowahi kuendeshwa popote.

Valentino Rossi alikuwa ametoka Honda akiwa bingwa mara tatu mfululizo, akahamia Yamaha, kampuni ambayo haikuwa imechukua taji hilo tangu 1992. Watu walisema pikipiki ndiyo iliyokuwa ikishinda, si yeye. Siku ya kwanza ya msimu, mbele ya Waafrika, alipambana na Max Biaggi aliyekuwa juu ya Honda mpaka mzunguko wa mwisho, akamshinda kwa tofauti isiyofika robo sekunde. Kisha akasimama pembeni ya uwanja, akaegesha, akakaa chini kando ya ile Yamaha, akaibusu. Mabega yalikuwa yanatikisika; alikuwa analia au anacheka, hakuna aliyejua kwa sababu kofia ilikuwa bado kichwani. Mwisho wa mwaka taji likawa lake.

Tangu hapo, hakuna. Mbio hizi ni ghali kuzikaribisha, na serikali zenye fedha za kulipa ziko kwingine. Tuna Binder, bingwa wa Moto3 wa 2016 na Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda daraja la juu, Brno, Jamhuri ya Czech, 2020. Anaendesha kila nchi isipokuwa kwao.

"Niko Muscat, na ndugu zangu wa Zanzibar wanataka tukutane Doha kuangalia mbio. Ushauri?"
Msomaji, Oman

Qatar ndiyo ya karibu nanyi nyote, na saa ya Doha ni ile ile ya Zanzibar, hamtachanganyikiwa. Wanakimbia usiku chini ya taa tangu 2008. Chukueni koti, jangwani usiku kuna ubaridi na umande. Nendeni Ijumaa, kama mmesoma mpaka hapa mnajua sababu. Na kazini ombeni ruhusa mpaka Jumanne: mwaka 2009 mvua ilinyesha jangwani Jumapili usiku, mbio zikasogezwa Jumatatu.